Fundi wa Ngamiani aliyekataa kunichongea ufunguo

Aliushika ufunguo wangu, akauinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya meno yake, kisha akanirudishia. "Huu sichongi, mwanangu. Nakala ya mgonjwa ni mgonjwa." Nilitoka kibandani kwake nimenuna, maana kabla yake nilikuwa nimepita kwa wachonga funguo wanne wa hapa Tanga, na wote wanne walipokea shilingi elfu tatu tatu bila swali wakanipa funguo ambazo hazikufungua kitu. Sasa huyu wa tano, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, ananifukuza na pesa yangu mkononi. Kesho yake nilirudi. Leo ni wiki ya sita natumia kazi yake na nimeona ni haki niiandike, kwa sababu wenye magari ya zamani tunahangaika mno na vitasa, na mtu anayejua kazi hii yupo hapa hapa Ngamiani, Barabara ya 12, upande wa kivuli ukitokea sokoni.

Gari lenyewe ni Reliant Scimitar GTE la mwaka 1973. Lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli, akalinunua Mombasa mwaka 1988 kwa Mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, akalivusha mpakani Horohoro mwenyewe akiwa na mama kando yake. Bodi yake ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini, sawasawa na boti, imekalia chasi ya chuma, na injini ni V6 ya Ford ya lita 3. Magari haya yalianza kutengenezwa mwaka 1968 huko Tamworth, Uingereza, na baba hakukubali mgeni aondoke barazani bila kuambiwa kwamba Anne, binti wa Malkia Elizabeth, naye aliendesha gari la aina hiyo. Mtaani kwetu Chumbageni wanaliita gari la plastiki. Watoto hulipigapiga ngumi wasikie linavyolia.

Kwa mji wa pwani, faiba ni neema. Upepo wa chumvi unakula milango ya magari ya bati mpaka unaona sandali za dereva kwa chini, lakini milango ya baba haina doa la kutu. Basi watu hudhani gari zima halizeeki. Chasi inazeeka, na vitasa vinazeeka kuliko vyote, kwa kuwa ganda la kitasa ni aloi ya zinki ambayo ikipigwa na hewa ya bahari hutoa unga mweupe kama wa muhogo, na ndani yake kuna shaba inayosuguana na ufunguo kila siku ya Mungu. Zidisha hiyo kwa miaka hamsini.

Dalili zilianza mwaka jana. Kwanza ufunguo ulitaka kuinuliwa kidogo ndipo uzunguke. Halafu siku moja mpwa wangu wa miaka tisa akafungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa kabati la nguo. Alifurahi sana. Mimi sikulala. Niliweka gari ndani ya uzio kila usiku tangu hapo. Ilipoingia kusi, mambo yakageuka: mlango ukajifunga na ukakataa kila ufunguo, wa kabati na wa kwake. Kwa miezi minne niliingia kwa mlango wa abiria, nikavuka gia nikiwa nimevaa baibui, asubuhi ya kwenda kazini bandarini na jioni ya kurudi, mbele ya vijana wa bodaboda, na sikuzoea hata siku moja.

Katikati ya miezi hiyo nilipeleka gari gereji moja, siitaji jina. Niliwaeleza tatizo, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, kijana alikuwa ameshatoboa tundu la kwanza mlangoni, ana komeo la chuma na kufuli ya geti mkononi, tayari kuyafunga kwa nje kama mlango wa stoo. Alikuwa ameikandamiza drili kwa nguvu zote kama anayetoboa bati. Faiba haitaki hivyo. Ile ngozi ya juu yenye rangi ni ngumu lakini ni kavu. Ukiikandamiza inapasuka kwa mzunguko, na kweli tundu lake lilikuwa limezungukwa na nyufa kama utando wa buibui. Nililia pale pale, sioni haya kusema. Baba alikuwa akiufuta ule mlango kwa fulana zake za zamani.

Kwa hiyo nilipofika kwa mzee wa Ngamiani kwa mara ya pili, nilimwambia: "Babu, shikamoo. Nimekuja unifundishe, maana wewe umekataa na wenzako wamekubali, na waliokubali wameniharibia."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Hakugusa kitasa kwanza. Alinitaka niingie kwa mlango wangu wa abiria, nifungue ule wa dereva kwa ndani, niuache wazi kabisa. Akatia ufunguo, akatikisa, akazungusha. Ukazunguka kwa shida, lakini ukazunguka. Akaufunga mlango, akajaribu tena. Haukusogea hata unywele. Akafungua, akaurudia mchezo ule mara tatu, nami nikiona kama anapoteza muda. Ndipo akanieleza, na maelezo haya peke yake yana thamani ya pesa niliyolipa: ufunguo ukikataa mlango ukiwa wazi, ugonjwa uko ndani ya kitasa. Ukikubali mlango ukiwa wazi na kukataa ukiwa umefungwa, ugonjwa uko kwenye mlango, umelala, yaani umeshuka, na ulimi wa kitasa unabanwa. "Wako una yote mawili," alisema. "Hao wenzangu walikuwa wanatibu nusu ya ugonjwa, tena kwa dawa mbovu."

Kibanda chake ni cha mabati, hakizidi hatua nne kwa tatu. Kuna jiliwa moja kubwa, tupa zimepangwa kwa unene kwenye ubao, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa funguo za kila namna, na redio isiyozimwa. Aliuvua mlango ngozi ya ndani taratibu, akichomoa vibanio kimoja kimoja kwa bisibisi aliyoifunga kitambaa, akatoa kitasa cha dereva. Kisha akahamia upande wa pili kutoa cha abiria. Nikamwambia cha abiria ni kizima, asihangaike. Akajibu kwamba ndiyo maana anakitaka.

Ndani ya silinda ya kitasa kuna vibati vyembamba vya shaba vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kina dirisha katikati na springi ndogo inayokisukuma. Bila ufunguo, vibati vinachungulia nje ya silinda na kuingia kwenye mifereji ya ganda, kwa hiyo silinda haizunguki. Ufunguo ukipita kwenye madirisha, kila jino linakiinua kibati chake kwa kipimo chake hasa, vyote vinakaa sawa na uso wa silinda, nayo inazunguka. Meno ya ufunguo yakilika, hayainui tena inavyotakiwa. Kingo za vibati zikilika, hazishiki tena kwenye ganda, na hapo ndipo ufunguo wa kabati unapofanya kazi. Ufunguo wangu ulikuwa nakala ya nakala; ule wa kwanza wenye namba ya kiwanda ulipotea kabla sijamaliza shule. Kila mchonga funguo alikuwa ananakili ulaji wa miaka yote, kisha mashine yake inaongeza kosa kidogo juu.

Silinda ya dereva aliimwaga juu ya gazeti. Vibati vitatu vilikuwa vimekuwa duara kwenye pembe kama peremende iliyonyonywa. Kisha akamwaga ya abiria. Vibati vyake vilikuwa na pembe kali, na viwili bado vinang'aa. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Mlango huu haukufunguliwa kwa nje," alisema. "Miaka yote hii. Nani alikuwa anakaa upande huu?"

Mama. Na nikaona waziwazi, kama jana, jinsi baba alivyokuwa akiingia yeye kwanza, akijinyoosha juu ya kiti na kumfungulia mama kwa ndani, kila safari, ya Pangani, ya Muheza, ya msikitini siku ya Idi. Mama hakuwahi kushika ufunguo wa lile gari. Mimi nimeutumia upande ule kwa miezi minne tu. Kwa hiyo kipimo cha ufunguo wa kiwandani, ambao sote tuliamini umepotea, kilikuwa kimehifadhiwa mle kwenye mlango wa mama, kwa sababu vitasa vyote viwili vilitoka na ufunguo mmoja.

Alichukua ufunguo mtupu usiochongwa, akauingiza kwenye silinda ya abiria, akaanza kuupiga tupa. Mipigo miwili, anaingiza, anatazama kibati kimeshuka wapi, anatoa, mpigo mwingine. Hakutumia mashine. Ilimchukua kama saa moja na nusu, na nilikaa pale kwenye kopo lililogeuzwa nikanywa kahawa chungu vikombe vitatu. Alipomaliza, vibati vyote vililala sawa na silinda kiasi kwamba ukipitisha kidole husikii kitu. Ule ukawa ufunguo mama. Kutoka kwake ndipo akakubali kuchonga nakala mbili kwa mashine.

Silinda ya dereva aliijenga upya. Vile vibati vitatu alivikata kutoka kwenye bamba la shaba la zamani, akavisawazisha kwa msasa mwembamba juu ya kioo. Springi mbili zilikuwa zimevunjika. Akaweka za viberiti vya gesi, akizikata kwa urefu anaoujua yeye. Unga mweupe kwenye ganda aliusugua kwa mswaki na petroli, akaanika juani. Halafu akanusa ile silinda na kuniuliza nimetia mafuta gani. Nilikuwa nimetia mafuta ya nazi, kwa ushauri wa jirani. Alitikisa kichwa. Sote tunajua chupa ya mafuta ya nazi inavyoganda asubuhi za Julai. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaganda vilevile ndani ya mlango, yakiwa yamekamata vumbi na mchanga. Kumbe hilo pia lilichangia mlango kugoma wakati wa kusi. Yeye hatii mafuta wala grisi kwenye njia ya ufunguo. Anakwangua risasi ya penseli laini, anaisaga, anaipuliza ndani kwa mrija wa soda. Risasi inateleza na haishiki vumbi.

Hapo nusu ya kwanza ikawa imekwisha. Nusu ya pili ndiyo inayohusu faiba, na hapa nampongeza zaidi, kwa sababu alisema wazi kwamba si kazi yake. Alinipa maelekezo nimtafute kijana anayetengeneza boti za faiba pale Deep Sea, hapa hapa mjini, nimlete, wafanye pamoja. Mafundi wangapi wa mjini wanasema hivyo?

Kijana akaja na mfuko wake. Walikuta skrubu za kitasa na za bawaba ya chini zimetafuna faiba, matundu yamekuwa marefu kama yai, na mtu fulani zamani aliyajaza bodi fila, ule ute wa kuzibia mashimo ya bodi ya gari, akapaka rangi juu. Bodi fila haina nyuzi, haina nguvu, ilikuwa inamomonyoka kama keki kavu. Mlango ulikuwa umeshuka kiasi cha unene wa vijiti viwili vya kiberiti. Kijana aliikwangua yote, akasugua kwa msasa mkali mpaka nyuzi za kioo zikaonekana, maana bila hivyo resini mpya inakaa juu tu kama rangi na siku moja inabanduka nzima. Alianza saa moja asubuhi. Jua likishapanda, anasema, resini inashika ndani ya kopo kabla hujaipaka, hivyo akapunguza hadena, dawa ya kuigandisha, kuliko anavyotia msimu wa baridi. Tabaka nne za mati, ule mkeka wa nyuzi za faiba, kila moja inalowekwa na kukandamizwa kwa brashi hadi mapovu ya hewa yaishe. Lile tundu la gereji naye akalitibu kwa ndani hivyo hivyo.

Nawaonya mnaopenda kusimama karibu kutazama kama mimi: vumbi lake ni upupu mtupu. Yeye alijipaka poda ya watoto mikononi na shingoni kabla ya kuanza, akavaa mikono mirefu na kufunga pua. Mimi niliwashwa siku mbili. Oga maji baridi, usioge moto.

Resini ilipokauka, mzee akarudi kazini. Nyuma ya faiba aliweka bamba la chuma kisichoshika kutu, pana kama kiganja, ili nguvu ya skrubu isambae badala ya kuumia sehemu moja, na kila nati akaitilia washa pana. Alikaza kidogo kidogo kwa zamu, hii nusu mzunguko, ile nusu mzunguko. Alinieleza kwamba chuma unakikaza mpaka mkono ukatae, lakini faiba ukiikaza hivyo unaiponda, na ikishapondwa skrubu inalegea tena baada ya mwezi. Kisha akaniomba wanja. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaupaka ulimi wa kitasa, akafunga mlango polepole, akafungua, na alama nyeusi ikaonyesha ulimi unagonga wapi kwenye kipokeo chake. Akasogeza kipokeo juu, akapaka tena. Mara ya nne alama ikawa katikati.

Mlango ule ukafungwa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba yuko hai. Tap. Mara moja.

Sasa kasoro, maana zipo na zingine ni kubwa. Aliniambia kazi itachukua siku nne, ikachukua kumi na moja. Simu yake huzimwa wakati wowote, na mara mbili nilikuta kibanda kimefungwa saa nne asubuhi bila taarifa. Kwa mtu anayeomba ruhusa kazini, hilo linaumiza. Hatoi risiti. Pete ya kromu inayozunguka kitasa cha dereva ina mchubuko mpya wa koleo, mdogo, lakini mimi nauona kila siku. Na kile kibanio kinachoshika fimbo kutoka kwenye mkono wa mlango kwenda kitasani, cha asili kilikuwa cha plastiki na kilivunjika mkononi mwake. Akachonga kingine kutoka kwenye plastiki ya dumu. Hakikudumu wiki nne. Nilirudi nikamwambia, hakubisha. Aliweka cha shaba siku hiyo hiyo na hakunitoza kitu. Angeanza na cha shaba.

Gharama: vitasa vyote viwili shilingi 50,000, funguo tatu 15,000, kazi ya mlango pamoja na kijana wa boti 45,000, na resini, mati na hadena nilinunua mwenyewe kwa 22,000. Jumla 132,000. Nilikuwa tayari nimetupa 12,000 kwa nakala nne za ufunguo mgonjwa, na sihesabu tundu la gereji.

Kuna watu watasema ningeagiza vitasa vipya Uingereza. Inawezekana, kwa kuwa viwanda vidogo kama Reliant vilinunua vitu vingi kwa wengine, na klabu za wenye magari haya huko bado zinatafutiana spea. Lakini kitasa kipya kwenye mlango uliolala kingegoma vilevile. Na kingekuja na ufunguo mwingine, wakati wa kwetu ulikuwemo garini miaka yote.

Nampa nyota nne. Ya tano imekwenda kwa zile siku saba za ziada na mchubuko wa kromu.

Ukienda, nenda kati ya saa tatu na adhuhuri, si Ijumaa. Usimpelekee ufunguo peke yake, peleka gari. Kama ni la usukani wa kulia na mwenyewe wa kwanza alikuwa na mke, mwambie aanze na kitasa cha kushoto. Na beba wanja, wangu umeisha.